Mfuko wa Dawa na Mkwe Aliyekula Amesimama

Toeni maboksi kwanza. Vijana wa vyuo vya utalii hunijia hapa Kisongo na mifuko yao ya huduma ya kwanza, wananiambia, shikamoo bibi, tunakwenda kutembea kwa miguu wiki nzima, hebu tukagulie. Ninakagua, na kosa huwa lile lile: nusu ya mzigo ni karatasi. Dawa ya kuharisha imo ndani ya boksi, na ndani ya boksi mna maelezo yaliyokunjwa na kukunjwa hadi yakawa mazito kuliko vidonge vyenyewe. Hapo umebeba kiwanda mgongoni. Kata kipande chenye jina la dawa na tarehe ya kuharibika, kifunge pamoja na vidonge vyake kwa mpira, boksi liache nyumbani likawashie jiko.

Na msidhani nilizaliwa nikijua. Nimefunga mfuko huo maisha yangu yote ya kazi, na miaka ya mwanzo niliufunga ovyo kuliko ninyi. Mimi sikuwa mwongoza watalii. Nilikuwa mama wa dawa, ndivyo walivyoniita, na nilitembea na misafara ya miguu kaskazini mwa Mlima Meru hadi magoti yaliposema basi.

Aliyenifundisha ni tabibu mmoja wa upande wa Kikatiti aliyeitwa Zakayo. Nilikuwa mhudumu katika zahanati yake zile zama za uhaba, tulipokuwa tunafua bandeji, tunazianika, tunazifunga tena kwa mgonjwa mwingine. Zakayo alikuwa mfupi, mwepesi wa kukasirika, na kila wiki alipanda vijiji vya mlimani kwa miguu na mfuko wa turubai begani. Siku ya kwanza niliyomfungia mfuko huo aliniambia nifumbe macho nimtolee mkasi. Nikatia mkono, nikapapasa, nikatoa kibanio cha kung'olea miiba. Hakunigombeza. Alimwaga vyote mezani akanipa mfuko mtupu, akaenda kunywa chai.

Alikuwa na sheria mbili tu, na mimi sijaongeza ya tatu. Ya kwanza ni hiyo ya macho: kitu usichoweza kukipata kwa kupapasa, hesabu hukukibeba. Ya pili ilikuwa kwamba ukishafunga mfuko, umpe mtu asiyejua chochote, mpishi au dereva, umwambie akutolee shashi. Akihangaika, fungua ufunge upya. Zakayo alikuwa akisema kwamba mwenye dawa naye huumwa, na hapo mfuko unabaki mikononi mwa mwingine.

Basi likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka ya dawa kila kona ya mji mkadhani yaliota na miti. Sisi tuliyaona yakifunguliwa moja moja, pale palipokuwa na fundi cherehani leo pana kabati la vioo na msichana aliyevaa koti jeupe. Plasta, ambayo Zakayo alikuwa akiikata vipande vyembamba kama tambi, sasa ikauzwa kwa mviringo mzima. Mitumba nayo ikafika, na watu waliozoea katambuga za matairi wakaanza kuvaa mabuti ya kupandia milima yaliyokuwa ya Mzungu fulani aliyenenepa miguu. Makampuni ya watalii yakachipuka. Mojawapo, ambayo ilikufa zamani na sina haja ya kuitaja, ilikuwa inatafuta mtu wa dawa wa misafara ya miguu. Mshahara wa zahanati ulikuwa hautoshi hata sabuni. Nikaaga.

Bosi wangu mpya alikuwa kijana wa Marangu aliyependa vitu vikubwa. Alininunulia sanduku la bati lenye msalaba mwekundu, akalijaza kwa mkono wake mwenyewe, akaliwekea kufuli. Lilikuwa na kila kitu hadi dawa ya kuua chawa. Lilibebwa na punda wa mwisho, chini ya mahema, na siku mgeni mmoja alipojikata kidole akifungua kopo tuligundua kwamba ufunguo umebaki mjini mfukoni mwa bosi. Nilimfunga yule mgeni kwa kipande cha khanga yangu. Aliporudi mjini akamwandikia bosi barua ya kuisifu ile bandeji ya maua, na bosi akaona kwamba sanduku limefanya kazi nzuri.

Msafara uliofuata nililiacha sanduku ofisini, nikamwambia bosi ni zuri mno kupanda punda. Akakubali. Ndipo nikarudi kwa Zakayo, namaanisha njia yake, maana mwenyewe alishazikwa. Nikashona mfuko mmoja wa turubai wa kuvaa kiunoni, nikatafuta vikopo vya filamu, vile wageni walivyokuwa wakitupa hovyo, nikaweka vidonge humo. Hapo nikakosea tena. Nilitia spiriti kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kifuniko kikalegea njiani, ikamwagika yote. Majina niliyoandika kwa kalamu yakafutika. Nikabaki na vikopo vilivyofanana, na wageni wanaumwa vichwa, nami sijui kichwa kipo kikopo gani na minyoo ipo kikopo gani. Tangu siku hiyo ninaandika kwa penseli juu ya plasta. Penseli haijali spiriti. Na plasta yenyewe usibebe gurudumu lake, izungushie hiyo hiyo penseli, utakuwa umebeba viwili kwa uzito wa kimoja.

Khanga beba. Itafunga mkono uliovunjika, itachuja maji, itakuwa pazia, itambeba mtoto. Mkasi uwe mdogo lakini ukate kweli, siku moja nilitegemea kisu cha mpishi na mgeni akanuka vitunguu hadi Longido. Malengelenge msiyatumbue kwa pupa, yawekeeni plasta kabla hayajawa malengelenge, yaani pale mtu anapoanza kusema kiatu kinamchoma. Atasema hana kitu. Mvue kiatu. Chumvi na sukari mpishi anazo, usizibebe wewe, ila kijiko cha kupimia kiwe chako. Glavu, shashi, wembe mpya ndani ya karatasi yake, kibanio, dawa ya maumivu, dawa ya kusafishia kidonda, na vile vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu, ambavyo msimpe mtu mpaka muwe mmefundishwa na anayejua. Hayo yanatosha. Mfuko ukikuvuta kiuno, umebeba hofu yako.

Sasa niwaeleze habari ya mkwe wangu. Nitamwita Loishiye, ingawa silo jina lake. Nina mabinti wanne, wote wameolewa upande wa magharibi wa mlima, kwa hiyo msisumbuke kukisia.

Ninyi mmekulia mjini, pengine hamjui. Kwetu Wameru mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Kwao Waarusha, watu wa Loishiye, ndiyo zaidi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha kichakani hadi mwenzake apite. Si chuki. Loishiye nilimpenda kuliko baadhi ya watoto wangu wa kuzaa. Alikuwa mpole, halewi, na binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mapenzi hayo niliyaonyesha kwa kukaa mbali naye, naye hivyo hivyo.

Asubuhi moja tulifika Oldonyo Sambu na wageni wanne, walimu wastaafu kutoka Ulaya, tutembee nyikani kuelekea Ketumbeine ambako gari lingetupokea. Punda walikodiwa hapo hapo. Nikainua macho nimwone mchunga punda, nikamwona mkwe wangu. Wote wawili tuligeuka tukautazama mlima, kila mtu kwa upande wake, kama watu waliokuja kuununua. Yeye asingeweza kuacha kazi, punda walikuwa wake na mtoto alikuwa njiani. Mimi nisingeweza kuacha wageni. Mpishi wetu Eliapenda, Mchaga wa Machame aliyejua kuongea na kila mtu, akawa mpatanishi. Ikaamuliwa mimi nitembee mbele na wageni na mwongozaji, Loishiye abaki nyuma na punda na mpishi. Jioni atakula nyuma ya mizigo.

Ilikwenda vizuri. Siku ya pili mgeni mmoja alifungua mwavuli wa jua ghafla wakati wa mapumziko, punda mmoja akaruka, akamsukuma mchungaji wake kinyumenyume kwenye mgunga. Nilisikia vicheko nikiwa mbele. Eliapenda akapiga kelele kwamba hakuna aliyeumia, tukaendelea.

Jioni hiyo Eliapenda aliniletea chai akaniambia, "Mama, huyo mkwe wako ana adabu ya ajabu. Nimempa chakula, amekula amesimama. Nimempa kigoda, amekataa. Anasema mama mkwe yupo kambini, hawezi kukaa."

Nilifurahi jamani. Niwaambie ukweli, nilijaa fahari. Nilisema moyoni kwamba binti yangu ameolewa na watu. Kesho yake akala tena amesimama, na kesho yake tena, nami nikawa namhadithia mwongozaji habari za heshima za zamani na jinsi vijana wa siku hizi walivyozisahau. Kama mgeni yeyote angekataa kukaa chini ningemkagua kuanzia kisigino hadi kisogo. Mkwe wangu alikataa kukaa, nami nikamsifu.

Asubuhi iliyofuata wageni walishatangulia na mwongozaji, nami nilikuwa naondoka nyuma yao, Eliapenda aliponikimbilia. Loishiye alikuwa ameshindwa kufunga mizigo. Amelala kifudifudi kando ya punda, anatetemeka, na jua limeshatoka. Ndipo ilipojulikana kwamba siku ya mwavuli mwiba wa mgunga ulimwingia kwenye tako ukakatikia humo. Mwenye dawa alikuwa mimi. Hakuwa na namna ya kuniambia.

Katika zahanati ya Zakayo niliwahi kumwona mwanamume aliyekanyaga msumari. Alikuja amechelewa, taya limeshakaza. Pepopunda. Alikuwa na nguvu za kubeba gunia peke yake, na tulimwona akikunjika kama upinde, akili zake zote anazo, hadi akafa. Sasa nilisimama kwenye nyika isiyo na barabara, gari liko mwendo wa siku nzima mbele, na baba wa mjukuu wangu ana mwiba mchafu ndani ya nyama na homa juu. Uchafu ule ulipaswa kutoka hapo hapo, kisha apelekwe hospitali apate sindano.

Nilivua mfuko kiunoni nikampa Eliapenda. Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni, achemshe kibanio kwenye birika la chai, avae glavu. Kisha nikakaa chini nikawapa mgongo, uso wangu ukiwa kwenye Mlima Meru.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona tako, mama."

Nikamwambia anieleze kama anavyochagua nyama buchani. Hapo alipata lugha. Akasema kipande ni kizuri ila kimevimba ukubwa wa ngumi, kimewiva kwa rangi, kina joto, na katikati pana kichwa cha manjano. Mfuko aliujua. Nilipomwambia wembe akatoa wembe, nilipomwambia shashi akatoa shashi. Nilimwelekeza achane kidogo tu pale kwenye kichwa, mkono wake usisite. Nikasikia Loishiye akivuta pumzi kwa meno. Nikasikia Eliapenda akisema Bwana asifiwe, usaha umetoka. Kisha nikasikia kitu kizito kikianguka.

Huyu mtu alikuwa amechinja mbuzi wa sikukuu za Machame nzima. Nilimwona kwa pembe ya jicho: amelala chali, uso rangi ya majivu, glavu mkononi. Nikamwita. Hakuitika. Punda wakaendelea kutafuna.

Mwiba ulikuwa bado haujatoka. Nami sikugeuka. Mnaweza kunicheka, lakini shingo yangu ilikataa. Niliogopa, sikuogopa usaha wala damu, nilivizoea. Niliogopa kwamba nikigeuka nitamponya mwili nimuue jina, atakuwa mwanamume aliyevuliwa nguo na mama mkwe wake, asithubutu tena kuingia nyumbani kwangu wala kumtazama binti yangu usoni. Na niliogopa kwamba nisipogeuka binti yangu atajifungua mtoto asiye na baba. Nilikaa pale nikiutazama mlima, nauchukia.

Loishiye hakuwa amewahi kusema nami neno moja la moja kwa moja tangu aoe. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama. Geuka."

Nikamwambia, "Jifunike uso."

Nikasikia akivuta shuka lake. Nikahesabu pumzi chache, nikageuka. Alikuwa amejifunika kuanzia kisogo hadi mabegani, shuka jekundu limekazwa kwa mikono miwili, hana uso. Nikafanya kazi. Mwiba ulikuwa umeingia kwa mshazari, nikaukamata kwa kibanio mara ya pili, ukatoka mzima, mrefu kama kidole changu cha mwisho. Nilimwosha kwa maji yaliyochemshwa, mengi, hadi yakatoka safi. Kidonda cha namna hiyo hakishonwi, mkumbuke hilo. Unatia shashi iliyolowanishwa, unaacha mlango wazi ili uchafu upate pa kutokea. Nilimpa vidonge. Nikamfunga kwa plasta yote iliyobaki kwenye penseli na nusu ya khanga yangu, nikageuka tena kuelekea mlimani. Hakuna aliyesema asante. Asante ingekuwa ushahidi.

Eliapenda alizinduka akauliza kama mwiba umetoka. Nikamwambia umeutoa wewe, hukumbuki? Akatazama kibanio, akanitazama, akasema ndiyo, mama, sasa nakumbuka. Ndiyo maana nasema Mchaga yule alikuwa mtu wa kuaminika.

Tulimlaza Loishiye kifudifudi juu ya punda, mahema yakabebwa na waliobaki, mimi nikatangulia mbali kabisa hadi nikawapita wageni. Gari lilimfikisha hospitali, akachomwa sindano, akalala huko siku kadhaa. Taya halikukaza. Kila asubuhi binti yangu alipokuwa akirudi kumwona nilimuuliza habari za punda kwanza, ndipo za mume wake, kama inavyopasa.

Mvua zilipokuja, mtu wa Oldonyo Sambu alileta kondoo jike nyumbani kwangu. Kwao kondoo hulipwa heshima ilipovunjika, ili iungwe. Hakusema ametumwa na nani wala kwa ajili ya nini. Nami sikuuliza, nilimpa chai akaenda zake. Loishiye aliendelea kunipisha kichakani, nami nikampisha, hadi leo mvi zimetujaa wote wawili. Ana kazi, ana watoto, na wa kwanza kati yao ndiye aliyenijengea nyumba hii ya Kisongo.

Binti yangu aliwahi kuniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua maharage, mtoto amelala mgongoni mwake. Alisema mume wake ana kovu kubwa mahali ambapo hakupataja, na kila akimuuliza anasema aliumwa na punda kwenye safari ile ya Ketumbeine. Akasema, "Mama, wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, kulikuwa na punda mmoja mkali sana, ila mimi sikuona kitu, nilikuwa mbele na wageni.